Haragwe la Ishirini na Moja

Mahindi na maharagwe ukiyatia kwenye chungu kimoja unapata kande. Ukiyatia kwenye kofia moja, hapa kwetu Pelcott, unapata ugomvi wa siku sita, na mimi nusura nipoteze mume.

Ilikuwa Desemba, mwaka wa nne tangu Mfalme wa Uingereza akubali kwamba tumemshinda. Karatasi ya serikali mpya, ile katiba, ilikuwa imefika kutoka Filadelfia na kusomwa kwa sauti mara mbili, na kila mji ulitakiwa umpeleke mtu Boston akaseme kama unaikubali au unaikataa. Kilichotukera wengi hapa milimani ni namna ilivyoandikwa. Wale waheshimiwa walijifungia karibu miezi minne ya kiangazi, madirisha yamebanwa, askari mlangoni, na kila mmoja ameahidi kutotoa neno nje. Sasa mtu mwenye nia njema anajifungia nini kwenye joto lile? Mume wangu Asahel Tuttle aliuliza swali hilo kila asubuhi juu ya bakuli la uji, kana kwamba mimi Jerusha ndiye niliyefunga hayo madirisha.

Haki ya kuuliza alikuwa nayo. Mkono wake wa kushoto aliuacha vitani, akarudi na kigutu na tabia ya kutomwamini mtu yeyote aliyevaa viatu vya vifungo vya fedha. Hata hivyo mji ulimfanya konstebo wake, kwa sababu mtu asiyemwamini yeyote hampendelei yeyote.

Pelcott tunapiga kura kama walivyopiga babu zetu. Punje ya hindi ni ndiyo, haragwe ni hapana. Kila mwanamume mwenye haki hupewa mlangoni punje moja ya kila aina, hupita mbele ya meza akiwa amefumba ngumi, hudondosha moja ndani ya kofia, na ile ya pili huondoka nayo mfukoni. Zamani palikuwa na sanduku, likaungua. Tangu hapo inatumika kofia ya konstebo.

Mahindi na maharagwe yalitoka kwangu. Niliyachagua moja moja, maharagwe meupe madogo ya kupika na nyama ya nguruwe, mazima, hayana tundu hata moja. Sisi wanawake hatupigi kura, lakini sijaona bado mwanamume wa Pelcott aliyepiga kura bila mwanamke kupepeta kwanza. Nilimwuliza Asahel kama katika ile karatasi mpya mimi nimo. Alisema ataangalia.

Jumanne ile waliingia nyumba ya mikutano wanaume arobaini na mmoja. Walipotoka jioni, nikiwa dirishani kwangu, nilijua pana jambo, kwa sababu walitoka kimya. Asahel aliingia ndani na jirani yetu Obed Wheelock, mtu wa maneno mengi, ambaye ndiye aliyekuwa akiongoza upande wa kukataa.

"Mahindi ishirini na moja," Obed alisema akipangusa theluji mabegani. "Maharagwe ishirini na moja."

"Sare, basi," nikasema.

"Sare gani, Dada Jerusha? Hesabu vizuri. Tulikuwa arobaini na mmoja."

Nikahesabu. Nikakaa kitako.

"Kuna mtu katia mbili," Asahel alisema. Alikuwa anatazama moto, hakunitazama mimi.

Walinieleza yaliyobaki kwa kupokezana. Shemasi Eliphalet Stroud, mwenyekiti wa mkutano na kiongozi wa upande wa kukubali, alizitia zile punje zote ndani ya mfuko, akaufunga na kuupiga muhuri wa nta. Kura ingerudiwa Jumatatu. Aliyetia mbili ajitokeze kabla ya siku hiyo. Asipojitokeza, mwenye kofia ndiye atakayebeba lawama: atavuliwa ukonstebo na jina lake litafutwa kwenye daftari la wapiga kura, maisha.

"Kwa nini Asahel?" nikauliza. "Kwani yeye ndiye aliyewashika mikono?"

"Kofia yake," Obed akasema. "Na maharagwe ya mkewe." Halafu akajifanya anakohoa.

Kesho yake asubuhi mke wa Obed, Mehitabel, alikuja kuomba kaa la moto. Mehitabel anajua kuwasha moto wake tangu ana miaka sita.

"Umepekua?" aliniuliza kabla hata ya salamu.

"Nimpekue nani?"

"Usinifanye mtoto. Aliyetia moja kabaki na moja mfukoni. Aliyetia mbili hana kitu. Mimi wangu nimempekua akiwa bado anakoroma, nikaikuta punje yake ya hindi imetulia. Haragwe alilitia, kama mji mzima unavyojua."

"Mimi simpekui mume wangu, Mehitabel."

"Haya, dada. Kila mtu na nyumba yake."

Kabla hajafika uani kwake nilikuwa nimeshakishika kisibau cha Asahel. Mfukoni mlikuwa na uzi, msumari uliopinda na kipande cha tumbaku. Nilivigeuza nje vyote, nikapapasa mishono. Hindi halikuwepo, haragwe halikuwepo.

Nilingoja chakula cha mchana. "Ile punje yako nyingine ya jana uliipeleka wapi?" nikamwuliza huku nikimpakulia, kama mtu anayeuliza habari za ng'ombe.

"Niliwatupia kuku."

Kuku wetu walikuwa wamefungiwa bandani tangu Jumapili kwa sababu ya theluji, na mlango wa banda nilikuwa naufungua mimi tu. Nilimwangalia anavyotafuna, upande mmoja wa mdomo, kichwa kimeinama, kama mtu mwenye jambo analolificha. Miaka kumi na minane nimelala na mtu huyu, nikajiuliza, na sijui kama anaweza kuiba?

Mji nao ukaharibika. Kwenye kinu cha kusagia nafaka watu walitazamana mikono. Shemasi Stroud alipendekeza kila mwanamume alete punje iliyobaki aionyeshe, na Obed akapiga kelele ikasikika hadi mtoni. "Nikionyesha iliyobaki nimeshasema niliyoitia! Leo unataka kuona mfuko wangu, kesho utataka kuona roho yangu!" Shemasi akamjibu kwamba asiye na kosa haogopi kuonyesha, na Obed akamwambia hivyo ndivyo walivyokuwa wakisema maofisa wa Mfalme walipokuwa wanavunja milango yetu. Kwa hiyo hakuna aliyeonyesha, na kila mmoja akamshuku mwenziwe zaidi.

Alhamisi nikakuta mfuniko wa mtungi wangu wa maharagwe umekaa upande. Mimi siuachi hivyo. Ndani ya nyumba tulikuwa wawili tu. Nikawaza: anachukua mengine ya Jumatatu. Nilishindwa kumwuliza, na yeye naye alikuwa ananitazama kila nilipogeuka, halafu anatazama pembeni.

Ijumaa Obed alikuja anacheka. Watu wawili wa upande wa mahindi walikuwa wamemwambia kwamba wamechoka na harufu ya wizi, na Jumatatu watatia maharagwe.

"Tumeshinda, Asahel! Hata bila kura yako tumeshinda. Pole, lakini ndiyo hivyo."

"Hata bila jina langu," Asahel alisema.

"Jina! Jina litapona tu, bwana." Obed akampiga bega. "Serikali ikishakaa kichwani haiondoki."

Jumamosi mchana niliichukua ile kofia. Nilijiambia kwamba kama mume wangu atafedheheshwa mbele ya watu, basi asifedheheshwe na bitana iliyochanika. Nilikaa dirishani na sindano, nikapitisha kidole ndani ya mshono ulioachia. Kitu kigumu kikanigusa. Nikakivuta.

Lilikuwa haragwe. Kubwa, lenye madoa mekundu, limekunjamana kwa kukaa muda mrefu, na vumbi la shamba bado limeshika.

Mwenye mkono mmoja hawezi kushika mfuko wa mbegu na kupanda pia. Mwezi wa Mei Asahel hutundika kofia yake kwenye kigutu, anatia mbegu ndani, na kwa ule mkono wa kulia anapanda. Mahindi kwanza, kisha yale maharagwe yetu ya madoa, yapande juu ya mabua. Mji wote umemwona akifanya hivyo miaka saba. Na mji wote, pamoja na mimi, tuliichukua kofia ya kupandia tukaitumia kupigia kura, na hakuna aliyeikung'uta.

Kama lilikuwepo moja, yangeweza kuwepo mawili. Moja lilibaki kwenye bitana. Jingine lilidondoka Jumanne.

Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka, siwafichi. Nikakimbia zizini bila shali, nikamvuta hadi jikoni, nikamwekea lile haragwe kiganjani. Aliliangalia. Hakuna haja ya kumweleza mkulima haragwe lake.

"Basi hukuiba," nikasema.

"Kumbe ulidhani niliiba?"

"Kuku walikuwa wamefungiwa, Asahel! Uliniambia umewatupia kuku!"

Akafungua mdomo na kuvuta shavu kwa kidole. Jino la nyuma lilikuwa limevunjika katikati, ufizi umevimba, mwekundu.

"Nilikuwa na njaa. Nililitafuna njiani," alisema. "Hindi kavu, mtu mzima na akili zake. Nikaona aibu kusema."

Ndiyo maana alikuwa anatafuna upande mmoja. Nilitaka kucheka, lakini nikamwona uso unabadilika. Alikuwa anahesabu. Alinyanyuka, akaufunga mlango wa jikoni, akashusha komeo.

"Nani mwingine kaliona hili?"

"Hakuna."

"Basi halipo."

"Asahel."

"Toa lile moja la Jumanne, wao ni ishirini na moja, sisi ishirini. Tumeshindwa, Jerusha. Kwa kura moja. Lakini ukinyamaza, Jumatatu tunapiga upya, na Jumatatu tunashinda."

"Na wewe wanakuita mwizi mpaka kufa."

"Waniite. Nimepoteza mkono, sitashindwa kupoteza jina. Sikupigana ili watu nisiowajua wakae chumbani huko mbali waniamulie maisha."

Nilitazama komeo. Nilitazama dirisha, ambalo alikuwa anakwenda kulivutia pazia.

"Umefunga mlango," nikasema.

"Kuna baridi."

"Na dirisha je? Asahel, tuko watu wawili chumbani, tumejifungia, tunaamua jambo la mji mzima na mji usijue. Kuna watu unanikumbusha."

Damu ilimpanda usoni. Akasema neno ambalo sijui kama alitaka kulisema. "Wewe huna kura, Jerusha."

"Sina," nikamwambia. "Ndiyo maana sitaiba ya mtu."

Hatukuzungumza tena. Jumapili tulikaa kanisani benchi moja kama wageni, na niliogopa kwelikweli. Nilidhani atalitupa lile haragwe motoni. Nilikuwa nimelichukua mezani alipoliacha, nikalifunga kwenye kitambaa, nikalishonea ndani ya sketi yangu, na nikalala nayo.

Jumatatu ulikuwa wajibu wangu kupeleka bakuli mbili, moja ya mahindi, moja ya maharagwe, kuziweka mezani na kutoka. Niliingia. Wanaume wote walikuwa wameketi, Asahel amesimama mlangoni bila kofia, kama mtu aliyeshahukumiwa. Mfuko wa muhuri ulikuwa mbele ya Shemasi.

"Weka hapo, Bi Tuttle. Asante," Shemasi alisema.

Nikaziweka. Sikutoka.

"Fungua mfuko, Shemasi."

"Unasemaje?"

"Ufungue uyatazame maharagwe, usiyahesabu tu. Jumanne mliyahesabu gizani."

Obed alisimama kwa nguvu benchi ikapiga kelele. "Tangu lini mwanamke anahutubia mkutano wa mji?"

"Sihutubii, Ndugu Obed. Nakagua maharagwe. Hiyo kazi ni yangu, muulize mkeo."

Wengine walicheka. Obed hakucheka. Naona alinusa jambo, kwa sababu alianza kusema kwamba mfuko usiguswe, kwamba ni hila, kwamba nimetumwa, na watu wa upande wake wakamuunga mkono. Shemasi naye alinitazama kwa shaka, maana alijua mimi ni mke wa nani. Kwa nini mke wa mtu wa maharagwe amfanyie hisani mtu wa mahindi? Pande zote mbili zilinishuku kwa usawa, na sijawahi kuona Pelcott ikikubaliana kiasi kile. Mkono wa Shemasi ulikuwa juu ya mfuko, haufungui na hauondoki.

Nikamgeukia Asahel. Sikuwa na uhakika naye hata kidogo. Angeweza kusema nimechanganyikiwa, nao wangemwamini.

Alikuwa ananitazama kwa hasira ambayo sijaiona kabla yake wala baada yake. Kisha akaunyoosha mkono wake, akausukuma mlango wa nyumba ya mikutano mpaka ukagonga ukuta, na baridi yote ya Desemba ikaingia.

"Fungua, Shemasi," alisema. "Na mlango ubaki wazi."

Nta ilivunjwa. Maharagwe yakamwagwa mezani mchana kweupe. Ishirini meupe, ya kwangu, na moja kubwa lenye madoa mekundu. Nikachana mshono wa sketi yangu mbele ya wanaume arobaini na mmoja, nikalitoa pacha lake na kuliweka kando yake. Kofia ikaletwa. Shemasi akatia kidole kwenye bitana na kukitoa na vumbi la shamba na kipande cha ganda.

Kila mmoja pale aliwahi kumwona Asahel akipanda.

Shemasi akaandika kitabuni: mahindi ishirini na moja, maharagwe ishirini, Pelcott imekubali. Akaandika pia kwamba kasoro ya kofia "iligunduliwa". Iligunduliwa na nani, hakuandika. Akaja kumpa Asahel mkono na kumwomba radhi mbele ya watu, na Asahel akapokea. Obed alipita karibu nasi akitoka. "Umetuuza," alimwambia mume wangu, na tangu siku hiyo hajaketi kwenye moto wetu.

Tulirudi kwa miguu. Asahel alitangulia hatua tano, kofia kichwani, na alipofika kwenye ukingo wa daraja akasimama.

"Siku nne," alisema bila kugeuka. "Siku nne ulidhani mimi ni mwizi. Ulipekua kisibau changu."

"Na wewe ulifungua mtungi wangu wa maharagwe."

Akageuka.

"Mfuniko ulikaa upande," nikasema.

Nikasikia maji chini ya barafu. "Mia tatu na kumi na mawili," akasema mwishowe. "Nilidhani labda wewe ndiye uliyetia moja ndani ya kofia kabla sijaondoka nayo. Kwa ajili yangu."

"Sasa kuhesabu kulikusaidia nini? Ulijua mwanzo yalikuwa mangapi?"

"Sikujua," alisema. "Nilishtuka nimeshafika mia mbili, nikaona nimalizie tu."

Nilicheka mpaka nikashika ubavu. Yeye hakuweza kucheka, kwa sababu ya jino.

Serikali ile ilisimama, kama mnavyojua, na bado Asahel haiamini. Pelcott ilitunga kanuni kwamba kabla ya kura yoyote kofia igeuzwe na kukung'utwa mara tatu watu wote wakiona. Nyumbani tukapata kanuni yetu, ambayo hakuna aliyeitunga. Kila jioni Asahel akiingia, kabla ya kuvua kisibau, anasimama mezani na kugeuza mfuko wake nje. Uzi, msumari, tumbaku. Mara ya kwanza nilidhani ananisuta, nikamwomba aache. "Konstebo hukaguliwa," alinijibu, na hakuacha. Hata baada ya mji kupata konstebo mwingine hakuacha. Nikazoea. Nilidhani nimezoea.

Mwezi uliopita, jioni moja, alisahau. Aliingia amechoka, akakitundika kisibau kwenye msumari, akakaa kwenye kiti karibu na moto na kufumba macho. Nilikitazama kile kisibau wakati wote uji ulipokuwa unachemka. Nilijiambia mambo yote mazuri ninayoyajua kuhusu mume wangu, na ni mengi. Kisha nikaenda kwa ncha za vidole, nikapekua.

Uzi, msumari, tumbaku. Nilipogeuka alikuwa vilevile, kichwa nyuma, macho yamefumbwa. Sina hakika kama alikuwa amelala.